Duka la Toad Lane na mji ulionilea

Rochdale ni mji wa kaskazini mwa Uingereza, yapata kilomita 16 kutoka Manchester, uliokaa chini ya milima ya Pennine mahali ambapo mvua haiishi hamu ya kunyesha. Wazazi wangu walihamia huko kutoka Moshi nikiwa bado sijaanza shule, na huko ndiko nilikojifunza kusoma, kuendesha baiskeli na kutembea kwenye barafu bila kuanguka. Ndugu na marafiki zetu wanaofika Uingereza huonyeshwa London, na wakibahatika hupelekwa Oxford au kwenye viwanja vya mpira vya Manchester; ni wachache mno wanaopanda tramu hadi Rochdale. Naandika kwa sababu naamini kwamba mtu yeyote aliyesomeshwa kwa kahawa, pamba au korosho iliyouzwa kupitia chama cha ushirika ana haki ya kuujua mji huu, ambako mwaka 1844 lilifunguliwa duka la ushirika ambalo kanuni zake zilisambaa duniani, na ana sababu nzuri ya kuutembelea kwa miguu yake mwenyewe.

Katika utoto wangu viwanda vya pamba vilikuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine. Dohani zao za matofali mekundu zilikuwa bado zimesimama, na watu wazima walizitumia kuelekezana njia, ingawa nyingi hazikuwa zikitoa moshi tena. Baba za wanafunzi wenzangu kadhaa, waliotoka Pakistan na Bangladesh, walikuwa wamefanya kazi humo zamu za usiku kwa miaka mingi, na walipokosa kazi mtaa mzima ulijua. Katikati ya mji tulisubiri basi kwenye uwanja mpana wa lami, na hakuna aliyetuambia kwamba mto Roch ulikuwa ukipita chini ya nyayo zetu. Mto huo ulifunikwa kwa awamu mwanzoni mwa karne ya 20 ili kupata nafasi ya barabara, ukafunuliwa tena mwaka 2016, na hapo likaonekana daraja la mawe la karne nyingi zilizopita ambalo vizazi kadhaa vilikuwa vimepita juu yake bila kuliona. Siku nilipolitazama kwa mara ya kwanza nilifurahi sana, lakini pia nilisikitika kwamba wazee wengi wa mji walikufa bila kuuona mto wao.

Jengo ambalo wageni huligundua kwanza ni ukumbi wa mji, uliofunguliwa mwaka 1871 kwa michoro ya William Henry Crossland. Gharama zake zilipanda kutoka makadirio ya pauni 20,000 hadi zipatazo 160,000, jambo lililowaudhi walipa kodi wa wakati ule. Mnara wake wa kwanza uliteketea kwa moto mwaka 1883, na huu tunaouona leo ulichorwa na Alfred Waterhouse, ambaye ndiye pia aliyechora ukumbi wa mji wa Manchester. Ndani kuna dari la mbao lenye malaika waliochongwa, vioo vya rangi na mchoro mkubwa ukutani wa kutiwa saini kwa Magna Carta, hati ya kale ya Uingereza iliyowekea mipaka madaraka ya mfalme. Jengo lilifungwa kwa ukarabati wa miaka kadhaa na kufunguliwa tena mwaka 2024, na sasa linang'aa. Ni zuri kweli, na sitaki mtu alipite bila kuingia; ila mimi huliona kama picha ya fedha za pamba zilivyopenda kuonekana, na kwa hiyo huwapeleka wageni wangu huko mwisho, wakishaona jinsi watu waliozizalisha fedha hizo walivyoishi.

Mwanzo wa matembezi yangu huwa Toad Lane. Ni mtaa mfupi wenye mawe, na katika nyumba namba 31 kuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1931 ndani ya jengo lilelile ambalo Waasisi wa Rochdale, yaani walioanzisha duka lile la ushirika, walipanga chumba cha chini kwa pauni 10 kwa mwaka. Usiku wa tarehe 21 Desemba 1844 walifungua madirisha ya duka lao huku vijana wa mtaani wakiwazomea nje. Bidhaa zilizokuwa ndani zinahesabika kwa vidole: siagi yapata kilo 13, sukari kilo 25, unga wa ngano kilo 300 hivi, gunia la unga wa oti na mishumaa. Orodha ya wanachama wa mwanzo huhesabiwa kuwa na watu 28, wengi wao wafumaji na mafundi, na mtaji wao wa pauni 28 ulikuwa umekusanywa kwa senti chache kila wiki kutoka katika mishahara ambayo haikutosha hata chakula.

Ili kuelewa kwa nini duka dogo namna hiyo lilikuwa jambo kubwa, ni lazima kujua maduka mengine yalivyokuwa. Wafanyakazi wengi waliishi kwa kukopa dukani, na anayekopa hana sauti juu ya bei wala ubora. Unga ulichanganywa na chokaa ili uwe mweupe na mzito, majani ya chai yaliyokwisha kutumika yalikaushwa na kuuzwa upya, na mizani ilipunjwa. Mtaani hapohapo Toad Lane kulikuwa na duka la ushirika lililoanza mwaka 1833 na kufa baada ya muda mfupi kwa sababu liliwakopesha wanachama wake hadi likafilisika. Watu wa 1844, ambao baadhi yao waliliona hilo likianguka, waliandika kwamba kila kitu kitauzwa kwa fedha taslimu. Sharti hilo lilikuwa gumu kwa maskini, na nadhani ndilo lililowaokoa.

Kanuni zao nyingine ndizo zilizosambaa duniani. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Mtaji ulilipwa riba yenye kikomo. Ziada ilirudishwa kwa wanachama kulingana na kiasi walichonunua, hivyo mama aliyenunua bidhaa za pauni 10 alipata gawio mara mbili ya yule aliyenunua za pauni 5, ingawa mkutanoni kura zao zililingana. Hesabu zilisomwa mbele ya wanachama kila robo ya mwaka. Na nasema mama kwa makusudi, kwa sababu wanawake walikubaliwa kuwa wanachama kwa majina yao wenyewe: Eliza Brierley alijiunga mwaka 1846, wakati ambapo sheria ya Uingereza ilikuwa bado inahesabu mali ya mwanamke aliyeolewa kuwa ya mumewe.

Hayo yote niliyasikia kwanza nikiwa na darasa letu kwenye makumbusho, na sikuyatilia maanani. Nilipenda zaidi mapipa na mizani ya shaba. Aliyenifungua macho ni babu yangu mzaa mama, aliyekuja kututembelea katika miaka ya 1990. Babu alikuwa mkulima wa kahawa Kilimanjaro na mwanachama wa chama cha msingi kilichouza kupitia KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichoanzishwa mwaka 1933. Hakuwa amewahi kupanda ndege, Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, na bado alishuka uwanjani Manchester akiulizia Rochdale kwa jina, kwa sababu katika mafunzo ya wanachama alikuwa amefundishwa habari za wafumaji wale. Mama alidhani angependa kuona theluji au maduka makubwa. Yeye alisema, "Mwanangu, nipelekeni kwanza kwenye duka."

Nilikuwa mkalimani wake. Alivua kofia mlangoni, akaenda moja kwa moja kwenye mizani, akaitazama pande zote, kisha akaanza kumuuliza mwenyeji wetu wa makumbusho maswali ambayo mimi katika umri wangu sikuweza kuyatafsiri upesi: nani alishika daftari, nani alishika ufunguo wa sanduku, na je, mtu mmoja aliruhusiwa kushika vyote viwili? Alipoelezwa juu ya gawio alitikisa kichwa kwa kuridhika na kuniambia kwamba hayo ni sawa na malipo ya pili, yaani fedha ambazo mkulima huongezewa kwa kila kilo ya kahawa aliyopeleka, chama kikishauza na kutoa gharama zake. Halafu akanisimulia, tukiwa tumesimama hapohapo, jinsi serikali ilivyovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976 na kuweka mamlaka za mazao mahali pake, jinsi wakulima walivyokaa miaka bila kujua wa kumuuliza kuhusu fedha zao, na jinsi vyama viliporudishwa katika miaka ya 1980 ilivyobidi kuanza upya kujenga imani. Mwenyeji wetu aliniomba nimtafsirie yote, akaandika. Mimi niliyekua dakika chache kutoka mahali pale nilikuwa nikifundishwa historia ya mji wangu na mzee wa kutoka Kibosho, na tangu siku hiyo sijawahi kuuona Rochdale kuwa mji wa pembeni.

Baada ya Toad Lane huwaeleza watu habari za njaa ya pamba. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani mwaka 1861, meli za upande wa Kaskazini zilizuia pamba ya Kusini kusafirishwa, na viwanda vya Lancashire, eneo ambalo Rochdale ilikuwa ndani yake, vikasimama. Maelfu ya familia ziliishi kwa misaada. Pamoja na hayo, wafanyakazi wengi, ingawa si wote, walikataa kuunga mkono Kusini kwa sababu pamba ile ililimwa na watumwa. Mnamo Januari 1863 Lincoln, rais wa Marekani aliyeongoza upande wa Kaskazini, aliwaandikia wafanyakazi wa Manchester kuwashukuru, na mwezi uliofuata meli iitwayo George Griswold ilifika Liverpool ikiwa na mapipa ya unga kutoka New York kwa ajili ya watu wa Lancashire. Pipa moja la shehena ile limehifadhiwa katika makusanyo ya makumbusho ya Rochdale. Mimi nililiona nikiwa mtoto nikadhani ni pipa tu. Leo naona kwamba ndicho kitu chenye thamani kuliko vyote mjini, ukumbi wa mji ukiwemo.

John Bright, mbunge aliyezaliwa Rochdale mwaka 1811 katika ukoo wenye viwanda, alikuwa mtetezi mashuhuri wa Lincoln nchini Uingereza, na sanamu yake ipo katika bustani ya mji. Inafaa pia kusema kwamba mtu huyohuyo alipinga bungeni sheria ya kupunguza saa za kazi viwandani kuwa kumi kwa siku. Watoto wanapaswa kuambiwa yote mawili.

Na kuna uzi unaotoka hapo hadi kwetu. Hofu ya kutegemea pamba ya Marekani haikuisha, na mwaka 1902 wenye viwanda waliunda chama cha kuhimiza kilimo cha pamba katika makoloni; muda mfupi baadaye mbegu ziligawiwa kwa wakulima wa Uganda. Kwa hiyo mkulima wa Buganda na msokota uzi wa Rochdale walifungwa na bei ileile bila kujuana majina.

Sehemu ya matembezi inayowapendeza watoto zaidi ni Ellenroad, kando ya Newhey, ambako injini ya mvuke ya kiwanda cha kusokota uzi imehifadhiwa na watu wa kujitolea. Kiwanda kilifungwa mwaka 1982 na majengo yake yakabomolewa, lakini jumba la injini, chumba cha vyungu vya mvuke na dohani yenye urefu wa mita 67 viliachwa. Injini hiyo ina pande mbili, moja inaitwa Victoria na nyingine Alexandra, na kwa pamoja zilikuwa na nguvu za farasi 3,000, zikizungusha gurudumu moja kubwa kupita nyumba ya ghorofa, lililopeleka nguvu kwa kamba kwenye kila sakafu ya kiwanda. Ikiwashwa, sakafu hutetemeka taratibu na harufu ya mafuta ya moto hujaa kila mahali. Wazee wanaoihudumia ni mafundi hodari na wanapenda kuulizwa. Ukimwendea mmoja wao kwa heshima atakueleza kazi ya kila valvu, na hatachoka kabla yako.

Ziwa la Hollingworth tulilitembelea Jumapili nyingi baada ya ibada, na mama alibeba chapati na chai ya maziwa ndani ya chupa. Lilichimbwa kiasi cha mwaka 1800 ili kuupatia maji mfereji wa Rochdale, uliofunguliwa wote mwaka 1804 na kuvuka milima kwa malango ya maji zaidi ya tisini, yanayopandisha na kushusha mashua. Reli ilipofika Littleborough mwaka 1839, wafanyakazi walianza kwenda huko kupumzika, kwa kuwa bahari halisi ilikuwa mbali na nauli ilikuwa ghali. Huko ni kutembea tu na kula.

Siku hizi nikienda nachukua watoto wangu na wa marafiki zetu wanaoishi Manchester, familia za kutoka Mwanza, Mombasa na Bukavu. Toad Lane huwa nawapa kazi: wagawane vyeo, mmoja awe mweka hazina, mmoja katibu, mmoja muuzaji, kisha wagawe ziada ya kubuni kwa wanachama walionunua kiasi tofauti. Safari iliyopita walibishana karibu saa nzima kama mwanachama aliyeugua na kushindwa kununua chochote apewe sehemu, na binti mmoja mwenye umri wa miaka kumi akapendekeza wapige kura. Majira ya machipuko tunapanga kupanda barabara ya Rooley Moor, ambayo wafanyakazi waliokosa kazi wakati wa njaa ya pamba waliitandika mawe kwa mikono ili wapate posho. Ni mwinuko mrefu na upepo ni mkali, kwa hiyo nimewaambia wazazi kila mtoto aje na viatu imara na koti la mvua.