Mwaka Kogwa Makunduchi: migomba, kibanda na wali wa mgeni

Mwaka Kogwa ni sherehe yetu ya mwaka mpya hapa Makunduchi, kusini mwa Unguja. Kwanza tarehe, maana hapo ndipo wageni wengi wanapokosea. Mwaka wetu una siku 365 kamili: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za juu. Hauongezwi siku kama Februari, kwa hiyo kila miaka minne unarudi nyuma siku moja kwenye kalenda ya ukutani. Zama hizi mwaka mpya unaangukia Julai. Usishike tarehe ya mwaka juzi. Waulize wazee, ndiyo ukodi gari. Wa daladala, namba 310, atoke mjini asubuhi.

Migomba ya pambano, ambapo wanaume wa pande mbili hupigana kwa magogo yake, mimi huikata jioni ya kuamkia siku yenyewe, na huchagua iliyokwisha kuzaa, kwani mgomba huzaa mara moja tu na ule ungeanguka vilevile. Menya makoa ya nje mpaka gogo lienee mkononi, urefu wa mita moja na nusu hivi. Lililokatwa siku tatu kabla limekauka: jepesi kulibeba, lakini limebaki nyuzi tupu na linachuna ngozi. Bichi lina maji, likigonga mgongo linapasuka lenyewe, na mpigwaji anacheka. Mtu mmoja mwekee matatu, kwa sababu la kwanza halidumu. Jiwe na fimbo hazina nafasi pale, hata kama una kisirani na mtu wa upande wa pili.

Vaa mashati mawili makuukuu. Utomvu wa mgomba ukikauka kwenye kitambaa huacha doa la kahawia ambalo sabuni hailiwezi. Nimeona kanzu nyeupe nzuri zikiishia kuwa matambara. Nguo mpya ni za baada ya pambano. Kinamama wao ndio wanaokuja wamependeza tangu mwanzo, na nyimbo zao zinauma kuliko mgomba.

Kibanda kinachochomwa Kae Kuu, uwanja wa sherehe, mtu akiwa ndani kisha akatoka mbio, ni cha fito na makuti makavu, na kinateketea upesi kuliko mgeni anavyodhani. Julai ni kusi. Mlango uelekee upepo unakotoka, moto utiwe upande wa pili, ili aliye ndani atoke akiuacha moshi nyuma yake. Mlango ukigeuzwa, moshi unamwahi kabla hajainama. Watazamaji nao wasisimame upande wa chini ya upepo, cheche za makuti huruka mbali. Wazee watakuwa wanatazama moshi unalala wapi.

Kisha chakula. Nyumba isiyopata mgeni siku hiyo inajiona imekosa baraka, basi pika kwa watu usiowajua. Kilo ya mchele hulisha watu saba au wanane, kwa nazi mbili. Mimi hupika kilo tano. Samaki nunua jana yake, ukaange kabisa: siku yenyewe wavuvi wote wako Kae Kuu, na pwani hukuti hata dagaa.