Embe Bichi Juu ya Spika

Kabla sijaingia bendi ya dansi nilikuwa napiga matarumbeta ya harusini. Mnapanda nyuma ya pikapu watu sita, ngoma kubwa inagongwa, msafara unatoka Mwananyamala kwenda Ilala, na watoto wanawakimbiza mpaka wanachoka. Ukikosea noti, honi ya daladala inakufichia aibu. Miaka miwili nilikaa kwenye pikapu na sikuwahi kujua woga ni kitu gani. Kwa hiyo bendi moja ya mjini iliponichukua mwaka 1996 niwe tarumbeta la tatu, nilijiona nimeshafika.

Sikuwa nimefika popote. Kulikuwa na kibao chetu kimoja ambacho katikati yake magita na tumba hushuka, likabaki tarumbeta moja tu kuingia juu, peke yake, kabla wenzake hawajalifuata. Mwenye nafasi hiyo alisafiri, nikapewa mimi. Zamu yangu ilipokaribia, ulimi ulikuwa umegandia kwenye kaakaa. Mpiga besi akiwa na woga, vidole vyake vinatetemeka na nyuzi zinaendelea kulia. Sisi wapulizaji sauti inazaliwa mdomoni, na mdomo ndio unaotetemeka, kwa hiyo woga wako unapita moja kwa moja kwenye maiki na ukumbi mzima unausikia. Nilipuliza ikatoka hewa tupu, halafu ukafuata mlio. Watu wa dansi vyombo vyetu huviita midomo ya bata, na usiku ule nililistahili jina lenyewe.

Meza ya mbele walikaa watu wazima, mashabiki wa Msondo na Sikinde, bendi kongwe za dansi, masikio yao yamezoea kupigiwa tarumbeta likanyooka. Mmoja alinyanyua kiti chake, akakigeuza, akanipa mgongo. Hakuzomea. Afadhali angezomea.

Siku zilizofuata nikaanza kujifanyia hesabu mbaya. Nafasi nilitafutiwa na mjomba. Noti nilijifunza kanisani, kwa Walutheri, nyimbo za taratibu ambazo hazina cha kukuparamisha. Harusini nilifunikwa na ngoma. Kwa hiyo kumbe sijui. Nimebahatisha, na sasa wamenijua. Hesabu hiyo nilikuwa nairudia hata nikiwa nafua.

Bendini kila mtu alikuwa na dawa yake. Mpiga rizimu aliniambia, "Usiogope bwana, wale ni watu tu," ushauri ambao ni sawa na kumwambia mwenye kwikwi aache kwikwi. Mwimbaji mmoja alinipa kipimo cha konyagi kabla ya mazoezi. Woga ulipungua kweli, ila mdomo nao ukapoa, nikawa napuliza kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Mpiga saksafoni ndiye aliyekuja na vidonge, propranolol, dawa ya moyo inayopunguza mapigo na kutetemeka. Akasema wanamuziki wa Ulaya wanavimeza kabla ya onyesho. Hakudanganya, wapo wanaovitumia. Lakini tarumbeta la kwanza, mzee tuliyekuwa tunamwita Babu ingawa nywele nyeupe alikuwa nazo chache tu, alivikuta kiganjani mwangu.

"Si ulinisimulia ulikuwa na pumu?"

"Zamani, Babu. Nikiwa mdogo."

"Hivi vinaweza kukubana kifua usiamke. Vinaandikwa na daktari, haviandikwi na mpiga saksafoni." Akavitia mfukoni mwake. "Jumamosi uje saa tisa mchana. Njoo na raba."

Ilikuwa Novemba, jua la Dar linakukaanga. Ukumbini viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza na dada mmoja anadeki. Babu akaniambia nitoke getini mbio, nipite katikati ya meza, nipande jukwaani na kupiga palepale kwenye kuingia, bila kupumzika. Nikajua naadhibiwa. Nikakimbia. Nilipolitia tarumbeta mdomoni moyo ulikuwa unagonga mpaka masikioni, ikatoka hewa.

Hakucheka. "Unajaza pumzi juu ya pumzi," akasema. "Mwenye woga anavuta tu, anasahau kutoa. Wewe toa. Polepole, mpaka tumbo lishikane na mgongo, halafu iache iingie yenyewe."

Mara ya pili hewa. Mara ya tatu noti ikajitokeza, ikakatika. Dada wa kudeki aliacha fagio akakaa kutazama, na kwa siri ndiye aliyenisaidia, maana nilikuwa tayari na shahidi. Mara ya nne shati limenigandia, moyo unakwenda mbio vilevile, na ile noti ikatoka, ikasimama.

"Sasa nani alikudanganya kwamba moyo lazima utulie kwanza ndipo upige?"

Nilikuwa sina jibu. Muda wote nilikuwa nasubiri woga uondoke ndipo nianze kazi, wakati wenyewe ulikuwa hauna safari.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Vladimir Horowitz, mmoja wa wapiga piano wakubwa wa karne ya 20, aliyekaa miaka 12 bila kupiga mbele ya watu, kuanzia 1953 hadi 1965. Nilicheka peke yangu. Siku ile ungeniambia habari za Horowitz ningekuuliza anapigia bendi gani.

Jioni, getini, alikuwapo kijana anauza maembe mabichi yaliyochanwa, na kopo la chumvi na pilipili. Babu akanunua vipande viwili, akavifunga kwenye gazeti, akaniwekea juu ya spika upande wangu, gazeti likiwa wazi. "Usile, pilipili itakuunguza mdomo. Utazame tu." Jaribu mwenyewe. Tazama embe bichi lenye pilipili, limekatwa sasa hivi linatoa maji, uone kama mdomo wako utabaki mkavu. Hata hapa ninapoandika nameza mate.

Usiku ukumbi ulijaa. Kibao kilipoanza nikasikia kitu kidogo pembeni yangu, tik-tik-tik, kama saa ya mkono. Nikageuka. Vilikuwa vibonye vya tarumbeta la Babu, vinagonga chini ya vidole vyake. Vidole vinatetemeka, mtu aliyeanza kupiga mimi sijazaliwa. Aliona ninavyomtazama.

"Kila Jumamosi," akasema, na akatoa pumzi ndefu.

Magita yakashuka. Nikatoa pumzi yangu mpaka mwisho, nikatazama embe. Mwanzo noti ilikwaruza kama mlango wenye kutu, nikasikia miguu ikinilegea, halafu ikafunguka, na kabla sijaanza kujisifu wenzangu walikuwa wameshaingia nyuma yangu. Yule bwana wa kiti kama alikuwapo au hakuwapo siwezi kukuambia. Sikutazama kokote zaidi ya lile gazeti.

Saa tisa usiku tulikuwa nje tunasubiri gari la vyombo. Nikajisogeza.

"Nimepigaje, Babu?"

"Umewahi kuingia." Akafungua gazeti magotini. Maembe yalikuwa yamesinyaa kwa joto la spika. "Jumanne utakimbia mara sita."

Akanipa kipande kimoja. Pilipili iliniwasha mdomo mpaka machozi yakanitoka, na yeye akala chake kwa utulivu, anatazama barabara.