Bakuli la magimbi, Alhamisi Kuu

Wapendwa, kuna maneno natamani tuyaache kabisa: "Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba." Mimi niliambiwa nikiwa nimekalia ndoo, nyumbani kwangu Mbagala, maana viti vyote walikuwa wamekalia wanajumuiya waliokuja kutuombea. Aliyesema ni mzee wa kanisa. Nikaitikia amina kwa sauti, moyoni nikasema, basi huu mzigo umepotea njia, ulikuwa unakwenda nyumba ya pili.

Ilikuwa Machi 2024. Mume wangu ameendesha daladala miaka 18. Dereva wa daladala hanywi maji, atakojoa wapi na abiria wamejaa? Kiuno kikimuuma anatupia kidonge cha maumivu, gari inaondoka. Presha alikuwa nayo, hajui. Miguu ilipoanza kuvimba tukasema ni kukaa sana kwenye usukani. Tulipofika hospitali mwezi wa kwanza tukaambiwa figo zote mbili zimechoka, na kwamba presha na vile vidonge vimesaidiana kuzimaliza. Tangu siku ile ni kusafishwa damu: Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, masaa manne kwenye mashine kila anapokwenda.

Na mimi ni mama ntilie. Nalisha watu tangu sijaolewa, halafu nikapewa mgonjwa ambaye maharage hatakiwi, ndizi hatakiwi, parachichi ndiyo kabisa, na viazi mpaka uvimenye, uviloweke, uvichemshe na kumwaga maji. Maji ya kunywa tunapima kwa kikombe. Joto la Dar la mwezi wa tatu mnalijua. Nilikuwa namgandishia maji kwenye kitrei, anamung'unya kipande kimoja kimoja, taratibu, kama mtoto aliyeambiwa pipi ni hiyo hiyo. Mkononi walimuunganishia mishipa kwa ajili ya mashine. Ukiweka kidole pale, ngozi inavuma, kama paka aliyelala. Nesi alisema ukiona pamenyamaza, msisubiri asubuhi, njooni. Kwa hiyo usiku nilikuwa naamka na kupapasa mkono wa mume wangu gizani. Unavuma. Narudi kulala. Baada ya muda naamka tena.

Hela sitaki kuieleza sana. Ya kikoba ilikwisha, nikaenda kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wenye riba kali. Yaani nina mume anayesafishwa damu na mkopo unaokausha damu. Leo naweza kucheka.

Alhamisi Kuu ilikuwa tarehe 28. Mvua ilianza alfajiri. Njia ya mwendokasi ya barabara ya Kilwa ilikuwa imeshajengwa inapendeza, ila mabasi yenyewe hayajaja, kwa hiyo tulipanda daladala kama kawaida, mgonjwa amesimama mpaka Mtoni kwa Aziz Ali ndipo kijana mmoja akampisha. Tumerudi jioni tumelowa, tunakuta vijana wawili wa mkopo wanatoka na friji langu. Sikupiga kelele. Nilichofanya ni kuwaomba wasubiri nitoe ule mtrei wa barafu. Mmoja akanisaidia kuung'oa, ulikuwa umegandia. Nikabaki nimesimama nao mlangoni unadondosha maji, naangalia bajaji inavyoondoka na friji limefungwa kamba, mlango unajifungua-jifungua.

Kanisani kwetu ibada ya jioni ile ni ya Meza ya Bwana. Sikwenda. Nilikaa sakafuni, nikamwambia Mungu kitu ambacho sijawahi kukisema kwenye kikundi chochote cha maombi: nichukue mimi, huyu atapata mtu mwingine wa kumhangaikia. Sikulia hata. Nilikuwa nimechoka tu. Halafu ndiyo nikakumbuka sijatia kitu tumboni tangu chai ya jana yake. Mama ntilie!

Adhana ya magharibi ikalia. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na mwaka ule Kwaresima na Ramadhani vilikutana mlemle. Haukupita muda, bibi wa nyumba ya nyuma akaingia bila hodi, kitenge kichwani kwa sababu ya mvua, mkononi bakuli la bluu limefunikwa na sahani. Magimbi ya nazi, na juu yake kaimati tano kwenye kipande cha karatasi. Nikamwamkia, akaitika marahaba bila kunitazama, anatafuta pa kuweka.

"Kula kwanza."

"Bibi, wewe ndiyo umefunga, mimi sijafunga."

"Kwani mie nimekuuliza kama umefunga? Kula. Na bakuli nalitaka, nina wageni Jumapili."

Akaondoka. Hakuuliza friji liko wapi, na nafasi lililokuwepo ilikuwa inaonekana kabisa, ule mraba wa vumbi sakafuni. Magimbi mume wangu haruhusiwi. Nilitaka kwenda kuyala nje nisimtamanishe, akasema, "Kaa hapa, nikuangalie unavyokula." Nikala yote. Nikalala usingizi ambao sijaulala tangu Januari, na siku hiyo mkono wake sikuugusa.

Sasa niwaambie kilichonipata Jumamosi. Wakati wa kusubiri mashine huwa nasoma Biblia kwenye simu. Nilikuwa nimeanza Mwanzo mwezi wa kwanza. Ukisoma kidogokidogo mara tatu kwa wiki, tena bila kuruka zile hesabu za makabila, mwisho wa Machi uko kwa Eliya. 1 Wafalme 19. Huyu mtu ametoka kuita moto mlima Karmeli, watu wameona. Malkia Yezebeli anatuma neno moja tu la vitisho, nabii anakimbia mpaka Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake, anaingia jangwani, anakaa chini ya mti na kuomba afe. Halafu analala.

Nimefundisha Shule ya Jumapili miaka sita. Hadithi hii nimeisimulia kwa watoto na picha ya malaika mwenye mabawa. Kilichonipita miaka yote ni kwamba malaika hakuleta neno la kumtia moyo. Hakuuliza imani yako imekwenda wapi. Alimgusa, akamwambia inuka ule, na kichwani pake pana mkate umeokwa juu ya makaa na maji. Eliya akala, akalala tena! Malaika akaja mara ya pili: inuka, ule, "maana safari hii ni kubwa mno kwako."

Nikasoma mara tatu. Kubwa mno kwako. Sasa nani alituambia hatupewi kisichobebeka? Yale maneno ya 1 Wakorintho 10:13 yanahusu majaribu ya dhambi, na Paulo huyohuyo kwenye barua ya pili, sura ya kwanza, anasema walilemewa kuliko nguvu zao mpaka wakakata tamaa ya kuishi. Miezi yote ile mimi nilidhani kumtumaini Mungu ni kuonekana nimebeba. Mtu akiniuliza hali, jibu liko tayari: Mungu ni mwema, tunaendelea vizuri. Kumbe nilikuwa namdanganya kila aliyekuja na bakuli.

Jumamosi ileile jioni nilimpigia yule mzee wa kanisa. Nikamwambia, baba, mimi huu mzigo umenishinda, na nikamtajia deni lote, mpaka hela ambayo mume wangu alikuwa haijui. Alinyamaza muda mrefu nikadhani simu imekatika. Jumanne, siku mbili baada ya Pasaka, alikuja na kitabu chake cha kanisa kwapani, tukaenda wote kwa wale wa mkopo. Alikaa pale kwenye benchi tangu saa tatu mpaka saa saba, mzee wa miaka sabini na kitu, hadi wakakubali nilipe kidogokidogo bila kuongeza riba. Friji halikurudi, lilikuwa limeshauzwa. Maneno yake yale bado siyapendi, na nimemwambia. Akasema na yeye aliambiwa hivyohivyo alipofiwa na mkewe.

Mume wangu hajapona. Kupandikiza figo kunafanyika hapahapa nchini, Muhimbili walianza 2017 na Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, 2018, lakini anayetoa awe ndugu na vipimo viendane. Mdogo wake wa kwanza alipimwa, ikashindikana. Wa pili anakuja kutoka Kilosa mwezi ujao. Kina mama wa jumuiya wananipikia Alhamisi ili nikitoka hospitali nisianze kuwasha jiko. Barafu inatoka kwa bibi, analeta mjukuu wake kabla ya kwenda shule, kwenye mfuko wa nailoni.

Lile bakuli nililirudisha Jumapili ya Pasaka kabla ya magharibi. Kwetu bakuli la mtu halirudi tupu, nikatia pilau. Wiki iliyofuata likaja na tambi. Leo liko kwangu, nimelifunika pale juu ya meza, na bado sijui nitie nini.