Pregonda, Menorca: bichi ya kufika kwa miguu

Jamani kama uko Ulaya na umechoka na zile bichi za miavuli na muziki, nenda Menorca, kile kisiwa cha Hispania kilicho jirani na Mallorca, ila panda upande wa kaskazini. Gari tuliliacha Binimel·là tukatembea kama nusu saa hivi kwenye Camí de Cavalls, njia ya zamani ya farasi inayozunguka kisiwa kizima, kilomita 185, mpaka tukatokea Cala Pregonda. Asubuhi ile kulikuwa na mzee mmoja tu anakunja taulo lake!! Mchanga si mweupe kama wa Paje, una wekundu wekundu, na maji yametulia maana kuna vijisiwa vya mawe mbele vinakinga mawimbi. Ukiona marundo ya majani ya kahawia ufukweni usinune eti pachafu, hiyo ni posidonia, nyasi za baharini, ndo zinazuia mchanga usisombwe. Duka hakuna, kivuli cha maana hakuna, beba maji. Na siku tramuntana ikivuma, ule upepo wa kaskazini, we hamia tu fukwe za kusini, huku utakula mkate na mchanga 😂