Nilivyowaondoa maina darini bila kuua kinda

Jozi ya ndege waitwao maina ilipoingia chini ya ukingo wa paa letu, ushauri niliopewa ulikuwa mmoja: ziba tundu leo leo. Nilikataa. Ukiziba wakati makinda yamo ndani, yanakufa kwa njaa na kuozea darini huku wazazi wakihangaika nje.

Kwanza nilihakikisha ni maina kweli. Kichwa cheusi, mwili wa kahawia, mdomo na miguu ya manjano, na ngozi tupu ya manjano nyuma ya jicho. Akiruka, mabaka meupe ya mbawa yanaonekana wazi. Chini hatembei kwa kurukaruka kama shomoro, bali hupiga hatua kabisa.

Maina hutaga mayai 4 hadi 6 ya buluu iliyopauka. Huatamia kwa takriban majuma mawili, kisha makinda hukaa kwenye kiota zaidi ya majuma matatu. Kwa hiyo nilisubiri. Nilifuatilia kwa masikio: mzazi akitua na panzi mdomoni, kelele zililipuka humo ndani. Kelele zilipokoma, nikaona makinda nje, yakiwafuata wazazi kwenye nyasi na kudai chakula.

Hapo nikasokota gazeti na kulichomeka tunduni bila kulikaza. Kama kuna ndege aliyebaki, atalisukuma atoke. Lilipokaa bila kuguswa, nikavaa glavu na barakoa (viota hivi huwa na utitiri), nikatoa nyasi, manyoya na vipande vya plastiki, kisha nikapigilia wavu wa chuma wenye matundu madogo. Bakuli la chakula cha mbwa nalo nikaliingiza ndani ya nyumba, maana maina hula karibu kila kitu.

Siwachukii. Asili yao ni Asia, na ni binadamu aliyewasambaza. Melbourne, Australia, walipelekwa tangu 1862 ili wale wadudu. Lakini huwanyang'anya ndege wengine matundu ya kuzalia, na mwaka 2000 waliwekwa kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani. Ndiyo maana sikutaka waendelee kuzaliana kwangu.

Siku hizi nakagua ukingo wote kabla ya msimu wa kutaga. Nikiona nyasi zinaning'inia kwenye mwanya, nazitoa papo hapo na kuuziba, kwani yai la kwanza likishatagwa itabidi nisubiri tena.