Nani anabakimbiza?

Noti yangu ya dola 10 ilikuwa na mpasuko usiozidi punje ya mchele. Kijana wa meza ya kuandikisha wakimbiaji aliiinua juani, akaigeuza, akanirudishia kwa vidole viwili kama mtu anayeshika panya. "Hii haipite, yaya," yaani kaka. Nikamwonyesha kwamba uso wa yule mzee wa Marekani ulikuwa mzima kabisa. Akacheka, akaita anayefuata. Ikabidi nivuke barabara hadi kwa kambisti mmoja, mbadilisha pesa wa barabarani, aliyekaa chini ya mwavuli. Yeye noti ileile aliipokea bila hata kuitazama, ila alinikata dola 2. Kwa hiyo mbio zangu za kwanza ndefu zilinigharimu dola 12 kabla sijapiga hatua moja, na hapo meli sijaihesabu.

Meli nayo ina yake. Tulitoka Bukavu Ijumaa jioni kwenda Goma, upande wa pili wa Ziwa Kivu, watu watatu: mimi, Mwalimu na Mama Mapasa. Bandarini tulipita meza tatu, kila meza na risiti yake na pesa yake. Tulikuwa tumelipia viti vya kuegemea, tukakuta vya plastiki, tena vyetu vilikuwa jirani na jenereta. Usiku kucha ziwani, kisiwa cha Idjwi kikipita gizani upande mmoja, tulizungumza kwa kupiga kelele. Mama Mapasa alitaka kujua kwa nini mbio zetu ni kilomita 21 na mita 97 na nusu. Hizo za juu ni za nani? Mwalimu, ambaye hajawahi kuachia swali lipite, alieleza kwamba sisi tunakimbia nusu ya marathoni, na marathoni ni kilomita 42.195 kwa sababu mwaka 1908, kwenye Olimpiki ya London, walianzia kwenye ngome ya Windsor na kumalizia uwanjani mbele ya jukwaa la familia ya kifalme. Umbali ule ndio uliokuja kuwa sheria mwaka 1921.

"Kumbe tutakimbia mita za mfalme wa Wazungu," alisema Mama Mapasa, akajifunika kitenge usoni.

Jumamosi sina la kusimulia. Tulifikia kwa shangazi wa Mwalimu, mtaa wa Katindo, tukala bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, nami nikaenda chooni mara sita.

Lazima niseme kwamba mtu wa Bukavu ana majivuno ya milima. Kwetu unapanda kwenda sokoni, unapanda kwenda kanisani, na ukimaliza kupanda unagundua kitu ulichokiacha nyumbani. Miezi mitatu nilifanya mazoezi kwenye mitaa yetu, kutoka Nguba hadi Nyawera, halafu Kadutu, nikihema kama ng'ombe. Niliposikia Goma ni tambarare, nilicheka. Hakuna aliyeniambia kwamba tambarare haina mteremko wa kupumzikia. Tena pale lami inapoisha kuna mawe meusi ya volkano yenye makali kama chupa iliyovunjika, na vumbi lake jeusi linakuingia hadi kwenye meno. Kilomita ya sita kiatu changu cha kulia, cha mtumba wa Kadutu, kikaanza kufungua mdomo.

Tulianzia asubuhi na mapema kwenye mzunguko wa Chukudu, chini ya ile sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu anayesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, tukashika barabara ya kwenda mji wa Sake. Wenzangu walikuwa wameapa kwenda mwendo wangu. Mama Mapasa angeweza kutuacha wote, maana miaka yote amebeba beseni la samaki kichwani kwenye milima yetu, lakini alijizuia, akawa anatembea haraka tu huku mimi nakimbia, jambo ambalo kwa kweli liliniumiza kuliko kiatu. Mwalimu alihesabu kilomita kwa sauti kama anaita majina darasani. Watoto wenye bidoni za maji za njano walitukimbilia pembeni wakipiga kelele, "Kaza, papa! Kaza!" Mimi sijafika hata miaka arobaini.

Tukapita Ndosho, tukafika Mugunga, tukageuka. Meza ya maji ilikuwa na chupa tupu. Mwalimu akasema atatangulia kutafuta maji, Mama Mapasa akaenda naye kwa sababu Mwalimu hajui kupatana bei. Walipokuwa wameshaniacha kama mita mia tatu, shavu la mguu wangu wa kushoto likakaza likawa jiwe.

Nilichechemea nje ya barabara. Chini kidogo, katikati ya mawe, niliona kibonde, nyasi zake mbichi, kivuli chake kizuri. Nikawaza: dakika tano tu, nilale chali, mguu ulegee, na hakuna atakayeniona nikilia. Nimeshaweka mguu mmoja chini nikasikia sauti nyuma.

"Weye mutoto! Toka mule! Toka!"

Alikuwa mama mzee mwenye mzigo wa kuni mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Hakungoja nijibu. Alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikuitarajia, akanivuta hadi juu. "Kuna mazuku mule. Ukilala, haurudi." Akanionyesha kwa kidevu. Kati ya nyasi kulikuwa na ndege wawili waliokufa, manyoya yao hayajachafuka, kama waliowekwa pale kwa mkono.

Mazuku nilikuwa nimelisikia tangu utotoni, nikalichukulia kama zimwi la kutishia watoto. Si zimwi. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka chini ya ardhi ya volkano. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa yetu, inatuama mabondeni kama maji kwenye beseni, hasa asubuhi kabla upepo haujaamka. Haina harufu, haina rangi. Mtu aliyesimama anaweza kupita, mbuzi akaanguka. Na mimi nilikuwa nakwenda kulala.

Nikakaa kwenye jiwe, natetemeka. Mama akatua kuni zake, akanitazama viatu, akaitazama karatasi iliyobandikwa kifuani, namba 214, kisha akawatazama wakimbiaji wengine waliokuwa wakipita.

"Nani anabakimbiza?"

"Hakuna, mama. Tunakimbia tu."

"Na mumelipa?"

"Dola 10." Zile 2 za kambisti niliona aibu kuzitaja.

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Miye nilitoka Masisi na watoto, siku tatu kwa miguu. Hakuna mutu alinipa numero."

Sikupata la kujibu. Usiku uliotangulia shangazi wa Mwalimu alikuwa ametusimulia jinsi volkano ya Nyiragongo ilivyolipuka Mei 2021, na siku chache baadaye watu walipoambiwa wahame, yeye akashika barabara hiihii hadi Sake, sufuria kichwani. Mimi nilikuwa nimesikiliza huku nikifikiria kiatu changu. Nikiwa pale kwenye jiwe nikamkumbuka mama yangu. Usiku wa mvua kubwa, kule Bukavu, halali. Anasikiliza udongo wa mlima ulio juu ya nyumba, viatu vyetu vyote amevipanga mlangoni. Nimekua nikidhani huo ni uoga wa kizee.

Mama Mapasa alirudi akikimbia kweli sasa, peke yake, kinyume cha wakimbiaji wote, chupa mkononi. Alinigombeza, akamshukuru mama mzee mara kumi, akampa chupa ile ya maji. Mama akaikubali, akapandisha kuni zake, akaenda bila kuaga. Kisha Mama Mapasa akanibonyeza shavu la mguu hadi nikapiga kelele, na tukaondoka, nusu mwendo, nusu mbio, Mwalimu akitungojea kila kilomita kama kondakta.

Tulipofika, vijana walikuwa wanakunja bendera ya kumalizia. Medali zilikuwa zimeisha. Tulipewa Fanta moja moja ya moto. Mwenye saa alishaondoka, kwa hiyo Mwalimu aliniandikia kwa kalamu ya bic kiganjani: saa 3 na dakika 11.

Kwenye meli ya kurudi, viti vilevile vya plastiki, bei imepanda dola moja, Mwalimu akatoa karatasi, akaanza kupiga hesabu. Alisema tukitoa zile dakika za mazuku, nimekimbia chini ya saa 3, na hivyo ndivyo atakavyowaambia watu shuleni.

Mama Mapasa, tuliyedhani amelala, akafunua kitenge.

"Usitoe," alisema. "Acha zikae."