Moshi Mweusi Kutoka Arua

Mwaka 2011, bei za petroli na vyakula zilipopanda Uganda hadi watu wa Kampala wakaandamana kwa kutembea kwa miguu kwenda kazini, ndipo pikapu yangu ilipoanza kunywa mafuta kupita kiasi. Ilikuwa pikapu ya Kijapani ya mwaka 1992, injini ya petroli ya lita 2.4 yenye silinda nne, ya sindano za kunyunyizia petroli zinazoongozwa na kompyuta badala ya kabureta, nami nilikuwa nikisafirishia asali na ufuta kutoka Arua hadi Kampala, safari ya takriban kilomita 480. Zamani lita 60 zilinifikisha na akiba kidogo ikabaki. Kufikia Aprili nilikuwa nalazimika kujaza tena Karuma, na kila nilipopanda kilima karibu na Nebbi niliona kwenye kioo cha pembeni moshi mweusi umetanda barabarani na waendesha bodaboda wameziba pua.

Mafundi wawili walibadilisha plagi na filta ya hewa, moshi ukapungua siku mbili kisha ukarudi. Wa tatu alinishauri nitoe mfumo wote wa sindano nifunge kabureta kuukuu, ushauri ambao wenye magari ya aina hii hupewa mara kwa mara na ambao hadi leo naupinga kwa moyo wote, kwa maana ni kumkata mtu mguu kwa sababu ya mwiba. Lakini wakati ule nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nimekwisha ulizia bei ya kabureta, niliposikia habari za mzee mmoja aliyestaafu jeshini, aliyetengeneza magari chini ya mwembe, si mbali na uwanja wa ndege wa Arua.

Hakushika spana kwanza. Aliniuliza, "Asubuhi ikiwa baridi, inawaka vizuri?"

"Vizuri kabisa, mzee."

"Na ikishapata moto?"

"Hapo ndipo inapotetemeka na kutoa moshi."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia alichokitarajia. Injini baridi huhitaji petroli zaidi, kwa sababu petroli haigeuki mvuke vizuri penye chuma baridi, na kompyuta huiongezea mpaka ipate joto, kisha hupunguza. Yangu, alisema, ilikuwa haipunguziwi.

Alifungua plagi zote nne akazipanga juu ya gunia kwa utaratibu wa silinda zake. Zote zilikuwa na masizi makavu, laini, meusi kama tako la sufuria ya kuni. "Ingekuwa moja tu, tungeshtaki sindano yake," alisema. "Zote zikifanana, kosa liko kwa anayegawa." Kisha akachomoa mpira mwembamba unaotoka kwenye kidhibiti cha presha ya petroli kwenda kwenye manifodi, yaani bomba la kuingizia hewa kwenye injini, akaunusa na kuukung'uta kiganjani, ulikuwa mkavu, maana yake kiwambo cha ndani hakikuwa kimepasuka na kuvujisha petroli. Akasukuma kwa kidole kibao cha kipimo cha hewa, nacho kikafunguka na kurudi bila kukwama.

Alipofika kwenye joto nilimpinga. Nilimwambia mshale wa joto kwenye dashibodi unakaa katikati siku zote. Alinijibu kwa upole kwamba mshale ule una sensa yake ya waya mmoja, na kompyuta ina nyingine ya waya mbili, na kwamba moja ikisema kweli haina maana kuwa na ya pili inasema kweli. Aliiwasha injini mpaka ikapata moto, akaizima, akachomoa soketi ya sensa ile ya pili, akaipima ukinzani wake wa umeme kwa mita: omu 310. Sensa nzima hutoa kati ya omu 2,000 na 3,000 kwenye nyuzi joto 20, na kati ya 200 na 400 kwenye nyuzi 80. Yangu haikuwa na kasoro yoyote, na moyo wangu ulivunjika, kwa kuwa nilidhani tumefika mwisho.

Mzee alirudisha soketi ile, akatoa waya wa betri, akapiga magoti kwenye mlango na kufikia kompyuta iliyofichwa pembeni chini ya dashibodi. Alichomoa soketi yake na kupima saketi ileile kutoka upande huo. Mita ilionyesha 2,600, injini ikiwa bado ina moto wa kuunguza mkono. Alinituma nizitikise waya polepole kuanzia kwenye sensa, na nilipofika penye utepe mweusi wa zamani, namba zikaanza kurukaruka. Alipoukata utepe ule tuliona waya mmoja ambao shaba yake ilikuwa imegeuka unga wa kijani, zimebaki nyuzi chache tu.

Kompyuta ilikuwa ikitii habari iliyoletewa. Taa ya onyo haikuwaka kwa sababu waya haukuwa umekatika kabisa. Omu 2,600 ni namba halali ya injini iliyolala usiku kucha. Na kwa kuwa pikapu ile haikuwa na sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, ile inayoiambia kompyuta kuwa petroli imezidi, hapakuwa na cha kuisahihisha.

Alikata sehemu iliyooza, akaunga waya mpya kwa risasi ya kuyeyusha, akapima tena kutoka kwenye kompyuta: 330. Tuliziswaki plagi, tukawasha, na baada ya dakika chache ekzosi ikaacha kutia giza. Alikataa kupokea zaidi ya malipo ya nusu siku. Aliniomba jambo moja tu: nikirudi kutoka Kampala nimletee plagi ya silinda ya kwanza bila kuifuta.

Nilifika Kampala kwa lita 58. Juma lililofuata nilimkabidhi plagi ile imefungwa kwenye karatasi. Aliigeuza kwenye mwanga, ncha yake ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, akanirudishia, kisha akarudi chini ya lori alilokuwa akilitengeneza.